Hakimu Hakupuliza Filimbi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au jirani aliliazima akafungia misumari, usihangaike. Habari zenyewe ni fupi, na hazina sifa.

Mimi ni mshambuliaji wa kulipwa. Mashabiki waliniita Papai, na wala si kwa utamu. Papai likiiva haliulizi nani kalitikisa. Linaanguka tu. Nami nikiingia ndani ya boksi naanguka, refa anapuliza filimbi, napiga penalti, watu wanaimba. Nimejenga nyumba ya ghorofa kwa kuanguka.

Nyumba hiyo ndiyo iliyoniponza. Klabu ilinipa mikataba miwili. Mmoja ulikuwa wa kuwaonyesha watu wa kodi, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa mkata nyasi wa uwanja. Wa pili ulikuwa wangu mimi na mto wangu wa kulalia. Mpango huo aliusuka Mshauri, kijana wa suti na maneno ya asali. Ni yeye pia aliyesema mali yoyote nitakayonunua nisiiandike jina langu. Nikaiandika jina la mama mkwe.

Mama mkwe sikumwambia kwamba naficha. Nilimwambia ni zawadi. "Mama, wewe umenipa mke, mimi nakupa nyumba." Akalia machozi ya furaha, nami nikajiona mjanja.

Mwezi haukuisha akahamia na vyerehani vyake, maana yeye ni fundi wa sare za shule. Akavipanga ndani ya chumba changu cha vikombe. Kombe langu la mfungaji bora sasa ni la kuwekea vifungo. Mimi na mke wangu tukasogezwa chumba cha nyuma, kilichopakana na tangi la maji. Gari nalo likawa lake, kwa kadi na kwa funguo.

Halafu watu wa kodi wakaja kunichukua mazoezini, njumu zikiwa miguuni. Mshauri akatoweka na akiba yangu yote, simu yake ikafa kifo cha ghafla. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa nifuate kortini.

*

Chumba cha mahabusu kilikuwa na benchi moja, ndoo moja, na ukuta uliojaa majina ya waliotangulia. Mmoja wao alikuwa amechora goli na mpira ukipita juu. Nilimwelewa.

Wakili wangu aliingia akihema. Ni mtu wa pumzi fupi na faili nene.

"Hakimu amekubali dhamana," akasema.

"Mungu mkubwa!"

"Subiri kwanza, usimchoshe Mungu. Anataka mdhamini mwenye nyumba. Nyumba yenye hati, na hati yenye jina la huyo mdhamini. Apatikane leo, korti ikiwa wazi. Asipopatikana, unakwenda gerezani kungoja kesi, na kesi za kodi zina mwendo wa kobe mjamzito."

Nikahesabu majina ya ukutani.

"Katika ukoo wenu," akauliza, "nani ana nyumba?"

"Mimi."

"Kwa maandishi?"

Nikatazama ndoo.

"Papai, nakuuliza kwa maandishi."

"Mama mkwe."

Wakili alikaa chini polepole, kama mtu anayekalia kiti asichokiamini.

"Ngoja nielewe. Unataka kutolewa ndani kwa nyumba uliyoijenga mwenyewe, kwa fedha ambazo asubuhi hii umemwambia hakimu hukuwahi kuwa nazo?"

"Ndiyo."

"Nimeona wachezaji wakijifunga. Lakini kwa kisigino, kutoka katikati ya uwanja? Hili la kwako ndilo la kwanza."

Akafungua faili, akalifunga tena. "Na yule Mshauri wako? Huyo ndiye wa kutuokoa. Akipatikana yeye na zile fedha, nitasimama niseme mteja wangu ni mcheza mpira, hesabu alifanyiwa. Asipopatikana, mzigo wote ni wa kichwa chako."

"Kila polisi anamtafuta."

"Basi omba."

Mke wangu akaingia kabla sijaanza kuomba. Alikuwa na uso wa mtu aliyelia jana, leo kaamua kukasirika.

"Mama yuko njiani," akasema. "Anakuja na gari lake."

"Gari langu."

"Sema kwa sauti zaidi. Mwendesha mashtaka yuko chumba cha pili, asikukose."

Nikashusha sauti. "Nani anamwendesha?"

"Sijui. Amesema kuna kijana mmoja mstaarabu amejitolea."

Nikafarijika. Kumbe duniani bado wamebaki vijana wastaarabu. Lishike hilo, msomaji, tutalirudia kwa kilio.

*

Tulikutana na mama mkwe kwenye ujia, mimi nikiwa na pingu, askari mmoja kushoto, mwingine kulia. Alikuwa amevaa vizuri kuliko mawakili wote, ila utepe wa kupimia alikuwa ameusahau shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umekonda hivyo?"

Kabla sijajibu, utepe ulikuwa umeshanizunguka kiuno. Askari wa kushoto akarudi nyuma kumpisha.

"Suruali hii ipunguzwe," akasema. "Huwezi kusimama mbele ya wakubwa suruali inakuaga."

"Mama, nisikilize. Watakuuliza swali. Nyumba ya nani? Wewe sema: yangu. Basi. Usiongeze neno."

"Neno moja tu?"

"Moja tu, mama."

Akautazama utepe wake kwa huzuni. "Mkwe wangu, mimi nashona sare za watoto. Sijazoea kuachia kitu bila pindo."

"Leo tu, mama. Leo acha bila pindo."

Mke wangu akanifinya ubavuni, mahali ambapo beki yeyote angepewa kadi.

"Mwambie ukweli wa ile zawadi," akaninong'oneza. "Mwambie sasa, kabla hajaapa."

"Nitamwambia tukitoka."

"Kwako ukweli ni kiporo. Kila siku utaliwa kesho."

Nikatamani kumjibu, lakini karani alikuwa ameshaita jina langu. 

*

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kwa mnyororo, chupa ya maji moto kando yake. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyesikia uongo wa kila aina na hana tena anaoupenda.

Chumba kilijaa. Mashabiki walikuja na skafu zetu. Benchi la nyuma alikaa Barafu, tabibu wa timu, na mkoba wake mapajani. Tunamwita Barafu kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake kwa kila kitu. Ukiteguka, barafu. Ukiumwa jino, barafu. Aliwahi kumwekea barafu kipa aliyeachwa na mchumba.

Nilifunguliwa pingu, nikasimamishwa kizimbani. Kizimba chenyewe kilikuwa cha mbao za zamani, na kijigeti cha vyuma upande mmoja. Mama mkwe akaapishwa upande wa pili, utepe bado shingoni.

Mwendesha mashtaka akainuka. Mrefu, mwembamba, sauti yake laini kama mtu anayehesabu mayai.

"Mheshimiwa, kabla mdhamini hajakubaliwa, naomba nimuulize swali moja. Dogo sana."

Maswali madogo ndiyo huua watu.

Nililijua swali lenyewe. Angeuliza: mama, fundi wa sare, ghorofa hii uliipata wapi? Mama mkwe akisema ni jasho lake, wangetaka kujua ni kaptula ngapi hujenga ghorofa, na jioni angelala ndani yeye. Akisema mkwe wangu alinizawadia, basi mkataba wa mto ungekuwa umeamka na kusimama kizimbani pamoja nami.

Swali lile lilikuwa halina budi kuzuiwa. Wakili wangu alikuwa bado anatafuta kalamu.

Nikafanya ninachokijua.

Watu hudhani kuanguka ni kuanguka tu. Kuna ufundi wake. Ukelele utangulie mwili. Mwili ujigeuze mara moja, si mara tatu, maana wanaojiviringisha sana huonekana wana afya. Na shika mahali pamoja. Anayeshika kifundo cha mguu huku anashika na kichwa, refa humpa kadi na ana haki.

Kanuni kubwa kuliko zote ni hii: subiri mtu akukaribie. Hiyo niliisahau.

Nikapiga ukelele, nikaruka kwa ubavu, nikajibwaga juu ya kijigeti cha kizimba. Nikasikia kitu kikialika. Nikajisemea, ah, mbao za serikali. Nikatua sakafuni nimekumbatia kifundo cha mguu wa kulia.

Karani akaacha kuandika.

Kisha sauti kutoka nyuma: "Kadi ya njano hiyo!"

Chumba kikaangua kicheko. Katikati ya kicheko nikasikia vishindo. Alikuwa Barafu. Miaka yote hii mimi nikianguka yeye hukimbia, na miguu yake haina desturi ya kuuliza kichwa. Aliruka benchi la mawakili, akapiga magoti, akafungua mkoba.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Si mechi iliyopita ulikuwa wa kushoto?"

"Barafu, fanya kazi."

Akanipulizia dawa ya baridi mguu wa kushoto.

Hakimu akavaa miwani. "Na huyu ni nani?"

Barafu akasimama wima. "Tabibu wa timu, mheshimiwa. Nisamehe, nimeingia bila ruhusa ya refa."

"Mshtakiwa," hakimu akaniinamia kutoka juu, "nani kakugusa?"

Mazoea yana taabu. Mkono wangu ukajiinua wenyewe, ukamwonyesha mwendesha mashtaka.

Naye, msomi mzima wa sheria, akainua mikono miwili juu kama beki. "Sijamgusa, mheshimiwa! Sijamgusa kabisa! Niko huku!"

"Nimeona," akasema hakimu. "Shusha mikono."

Akanywa maji yake moto, bila haraka.

"Mshtakiwa, ile nusu fainali mimi nilikuwepo. Jukwaa la jua, nimevaa kofia ya karatasi. Ulianguka hivi hivi. Mkapewa penalti. Tukafungwa. Nyumbani kwangu hatukusemeshana siku hiyo."

Wakili wangu akainuka. "Mheshimiwa, kama mahakama ina ushabiki..."

"Kaa, wakili. Timu yangu ilishanifundisha kuvumilia dhuluma, hapa nitafuata sheria." Akanigeukia. "Lakini elewa. Hapa sina filimbi. Nina kalamu. Ikithibitika umeigiza maumivu mbele ya mahakama hii, dhamana hupati, hata mdhamini wako akija na nyumba za mtaa mzima. Utapimwa baada ya swali hili. Kwa sasa lala hapo hapo."

"Nilale, mheshimiwa?"

"Si ndipo ulipopachagua?"

Basi nikalala. Nikawa mshtakiwa wa kwanza kusikiliza kesi yake akiwa anaona viatu tu.

*

"Mama," akaanza mwendesha mashtaka, akiwa amesogea mbali nami kwa usalama wake. "Nyumba unayoiweka dhamana ni ya nani?"

Nikafumba macho. Neno moja, mama. Moja tu.

"Ilikuwa yangu," akasema mama mkwe.

Nikashusha pumzi. Halafu pumzi ikarudi.

"Ilikuwa?"

"Nimeiuza."

Mke wangu akapiga kelele: "Mama!"

Nami kutoka sakafuni, kwa sauti niliyokuwa nikiitia mipira ya krosi, nikasema: "Umeuza nyumba yangu?"

Ewe mdomo! Kichwa kimekukosea nini?

Viatu vyote vilitulia. Viatu vya mwendesha mashtaka viligeuka taratibu vikanielekea, ving'aavyo, na nikajua kwamba huko juu mwenyewe anatabasamu.

"Naomba iandikwe," akasema kwa sauti ya mayai, "mshtakiwa amesema 'nyumba yangu'."

Nikasikia faili nene likifungwa. Wakili wangu alikuwa ameweka chini silaha.

"Nimalizie, baba," mama mkwe akamwambia mwendesha mashtaka. "Sijaweka pindo."

"Endelea, mama. Weka tu."

"Huyu mkwe wangu alinipa nyumba. Zawadi. Siku hizi mkwe akikuletea kanga unashukuru, huyu kanipa nyumba! Mtaani kwangu hakuna asiyejua, nimewachosha watu. Sasa nikasikia serikali inamdai. Nikajiuliza, mimi nalala kitandani ghorofani, aliyenizawadia analala sakafuni, huo ni utu? Nikaamua kuuza. Nikamwambia mnunuzi, hizo fedha mimi usinipe. Tutaongozana tuzipeleke kwa watu wa kodi, deni la mwanangu liishe, arudi nyumbani. Mimi vyerehani vyangu nitavirudisha nilikotoka."

Hakuna aliyecheka.

Nimegongwa na mabeki wenye viwiko vya chuma. Nimezomewa na uwanja mzima. Lakini pale chini, uso wangu ukiwa karibu na soli za watu, ndipo nilipoguswa kweli, na sikuwa na pa kuangukia zaidi.

"Mama," hakimu akasema kwa upole, "unajua kwamba mkwe wako ameiambia mahakama hii hadaiwi chochote?"

"Ni aibu tu hiyo, mheshimiwa. Mwanamume hasemi anadaiwa mpaka kitanda kitolewe nje."

Kicheko kikarudi. Hata hakimu aliinamia chupa yake.

"Na mnunuzi ni nani?" akauliza mwendesha mashtaka, ambaye sasa alikuwa anakula bila kunawa.

"Si mgeni. Ni yule kijana mstaarabu, mshauri wake. Ndiye aliyeniletea hati siku ile ya zawadi. Bei yake ndogo kidogo, lakini amesema tusimwambie mtu, jambo jema hufanywa kimya kimya."

Nikainua kichwa mpaka shingo ikalia. Mshauri! Alikimbia na fedha zangu, na sasa kwa fedha hizo hizo ananunua nyumba yangu, kwa bei ya chini, kutoka kwa mama mkwe wangu. Na mama asingeweza kumjua kuwa ni mwizi, kwa sababu ili ajue hilo ingebidi kwanza nimwambie ukweli wa zawadi. Kiporo changu kilikuwa kimechacha.

"Mama," hakimu akauliza, na miwani akaivua, "huyo kijana yuko wapi sasa?"

"Yuko nje, kwenye gari. Alitaka nitie saini asubuhi. Nikamwambia sishiki kalamu mpaka unifikishe kwanza nimdhamini mkwe wangu. Basi kanileta. Kavaa kofia kubwa, masikini, anasema jua linamuumiza macho."

Korti nzima ikahamia dirishani.

"Mkamateni!" nikapiga kelele. Nikajizoa niinuke, nimkimbilie mwenyewe. Mimi ndiye mtu mwenye mbio kuliko wote mle ndani, na hilo hata mwendesha mashtaka hawezi kulipinga.

Nikakanyaga mguu wa kulia.

Wenzangu, maumivu nimeyaigiza maisha yangu yote. Nilidhani tunajuana. Kumbe nilikuwa sijawahi kukutana nayo. Yalipanda kutoka kifundoni mpaka kwenye meno, nikarudi chini kama gunia, bila ukelele, bila kujigeuza, bila ufundi wowote. Ile haikuwa mbao ya serikali iliyoalika.

Askari wawili wakanirukia, mmoja mabegani, mwingine kiunoni.

"Acheni huyo!" hakimu akafoka. "Tokeni nje mkamkamate wa kwenye gari!"

"Mheshimiwa," akajibu aliyenikalia kiuno, "huyu tukimwachia anatoroka. Hawa tunawajua. Anajilaza, refa akigeuka anaondoka na mpira."

Nje injini haikunguruma. Mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa funguo, akazining'iniza kidoleni.

"Mna haraka ya nini? Hawezi kwenda popote. Gari langu simwachii mtu funguo."

Nilitaka kumbusu viatu, vilikuwa karibu.

"Ameshuka!" akaita mke wangu kutoka dirishani. "Ametupa kofia! Anakimbia!"

Akavua viatu vyake vya kisigino, akamkabidhi wakili wangu kama mtu anayekabidhi mtoto, akatoka mbio pekupeku. Mashabiki wenye skafu wakamfuata wakiimba wimbo wangu, ule wa penalti. Ndipo askari wa mabegani alipoona aibu, akawafuata.

Aliyenikalia kiuno akabaki. Alikuwa mtu wa msimamo.

*

Chumba kikabaki nusu. Wakili wangu alikuwa amesimama na viatu vya mke wangu mkononi, na nikaona kitu kikiwaka polepole usoni mwake.

"Mheshimiwa!" akasema. "Mama hajatia saini!"

"Ndiyo?"

"Kama hajatia saini, nyumba haijauzwa. Hati bado ni ya jina lake. Mdhamini bado ni mdhamini!" Akanyoosha kiatu kimoja kumwelekea mwendesha mashtaka. "Hayo mengine ya nani alisema nini akiwa sakafuni ni ya siku ya kesi. Leo ni dhamana."

Mwendesha mashtaka akakikwepa kiatu, akaketi.

Hakimu akatafakari. Akanywa maji. Nikahesabu mafundo yake kama mtu anayehesabu dakika za nyongeza.

"Wakili yuko sahihi," akasema. "Mama, bado uko tayari kumdhamini? Hata baada ya uliyoyasikia?"

Mama mkwe akanitazama chini pale. Mwanamke huyu hupima watu kwa kuwaangalia tu, na nikajua ananipima upya, kiuno, mabega, na yale mengine.

"Namdhamini," akasema. "Akitoka, tutazungumza habari ya zawadi. Tutazungumza sana."

"Basi limebaki jambo moja," akasema hakimu. "Mguu. Kama ameumia, aende hospitali kwa dhamana. Kama ameigiza, anakwenda gerezani." Macho yake yakatembea chumbani, yakatua. "Wewe. Uliyeingia bila ruhusa ya refa. Una cheti cha utabibu?"

"Ninacho, mheshimiwa," akasema Barafu.

"Aapishwe."

Barafu akaapa, mfuko wa barafu ukimdondoshea maji kwenye kiatu. Akapiga magoti kando yangu. Safari hii alishika mguu wenyewe. Akaubonyeza kidogo, nikang'ata mkono wa shati. Akaubonyeza tena.

Nikaona uso wake ukibadilika.

Lazima umwelewe Barafu. Tangu tufahamiane, kila nilipoanguka alipiga magoti hivi hivi, akamtazama refa kwa macho haya haya, akatikisa kichwa na kusema, "Umevunjika huu." Kila mechi. Nami kila mechi nikainuka nikapiga penalti. Na jukwaa la jua, chini ya kofia ya karatasi, hakimu huyu aliyashuhudia.

"Naam, tabibu?" akasema hakimu. "Uko chini ya kiapo. Una maoni gani?"

Barafu akalamba midomo. Jasho na maji ya barafu vilimtiririka pamoja. Akaniinamia sikioni.

"Papai," akaninong'oneza, "nisaidie, nimechanganyikiwa. Niseme lile la kila siku, au niseme kweli? Maana leo yote mawili ni neno moja."

Sasa, Barafu amejifunza kunong'ona katikati ya mashabiki elfu nyingi wanaoimba. Kunong'ona kwake kulifika benchi la nyuma, kukagonga ukuta, kukarudi.

Hakimu akachukua kalamu. Alichoandika, kitafute katika gazeti la wiki ijayo, kabla jirani hajalifungia misumari.